Stika Kwenye Kioo cha Mbele

Nyakato, Jumamosi, 26 Oktoba. Asubuhi mawingu mazito upande wa ziwa, ngurumo mara mbili, mvua hakuna. Saa tatu jua limeshawaka na vumbi la barabara ya viwandani limerudi palepale.

Mwanangu Nyafuru,

Kesho unaondoka. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, kufunga mlango, kwenda kanisani wala kula kwa wakati. Hayo umeyasikia tangu ulipojua kusimama, na kama hayakuingia, karatasi haitayaingiza. Nataka kukuandikia kuhusu gari. Najua umechoka kulisikia neno hilo kinywani mwangu. Jana uliniambia, "Mama, ukianza tena mimi nalala," na kweli ukalala, viatu vikiwa miguuni. Kwa hiyo naandika. Karatasi haikatizwi.

Jambo lenyewe nilipange lisomeke. Chuo kimekupa kitanda hosteli. Baba yako mkubwa Majura amekupa gari. Chuo kinasema mwanafunzi anayeishi hosteli haruhusiwi kuweka gari ndani ya eneo la chuo. Baba yako mkubwa anasema gari litaingia. Leo mchana amekuja na stika, akaibandika mwenyewe kwenye kioo cha mbele, akaipigapiga kwa kiganja kama mtu anayempongeza ng'ombe wake mnadani. Kesho utatoka hapa ama na gari lile lenye stika ile, ama na begi lako kwa basi la Buzuruga. Mimi sitakuzuia. Umri wa kuzuiwa umepita. Lakini hutaondoka kabla hujajua ninavyoliona jambo hili.

Nianze na kanuni yenyewe, usije ukadhani naitetea. Naidharau.

Unakumbuka siku ile, kabla ya kuagwa kwako, tulipokwenda kuthibitisha kitanda na gari hilohilo, ambalo baba yako mkubwa alikuwa ameshanong'ona kwamba atakupa. Wewe ulikuwa kwenye usukani, baba yako mkubwa pembeni yako, mimi nyuma na godoro lako. Mlinzi wa getini akainama dirishani.

"Shikamoo mama. Hili gari la mzazi au la mwanafunzi?"

"Mzazi yuko nyuma, mwanafunzi ndiye dereva," ulimjibu ukicheka.

"Basi ni la mwanafunzi. Geuza."

"Kaka, si ninamleta mzazi?"

"Angeendesha mzazi, lingekuwa la mzazi. Akiendesha mwanafunzi, la mwanafunzi. Mimi sikuandika, dada. Nimekuta imeandikwa."

Ukashuka, baba yako mkubwa akazunguka akaingia upande wa usukani, akalisogeza gari hatua chache, na mlinzi yuleyule akampigia saluti. Gari lilelile, watu walewale, matope yaleyale kwenye matairi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimekuja mahali pa watu waliosoma sana.

Ndani tukakuta uwanja wa kuegesha uliojaa vivuli na hauna magari. Kila nafasi ina kibao chake: Profesa huyu, Daktari yule, Naibu wa nani sijui. Vibao vimepakwa rangi vizuri, na chini yake mijusi inaota jua. Pikipiki za wanafunzi zimerundikwa nje ya geti kando ya mama anayekaanga chipsi, ambaye huzilinda kwa hela kidogo mpaka anapozima jiko lake jioni, na baada ya hapo kila mtu na Mungu wake. Kijana mmoja alikuwa anaitafuta taa ya pikipiki yake kama mtu anayetafuta kifaranga. Wenye magari hawapo, nafasi zipo. Wenye pikipiki wapo, nafasi hazipo. Mimi nimekaa stoo ya kiwanda cha samaki miaka mingi, najua namna mzigo unavyopangwa, lakini sijawahi kuona boharia anayeacha rafu tupu na kuweka gunia kwenye mvua ili rafu zisichafuke.

Kisha yule ofisa wa maegesho. Meza kubwa, feni inamtazama yeye peke yake. Nikamweleza kwa adabu kwamba unatoka mbali, kwamba gari litakaa tu, hutalitumia kila siku.

"Kanuni ni kanuni, mama yangu. Mwanafunzi akiwa na gari hasomi."

"Wewe ulisoma bila gari?"

"Mimi? Nilisoma kwa shida kweli kweli."

"Ndiyo maana unataka na wao waipate."

Baba yako mkubwa akanikanyaga mguu chini ya meza. Wakati huohuo gari jeusi likapita dirishani, refu kama nyumba, ndani kijana wa umri wako na vidude masikioni, likaenda likaegesha chini ya kibao cha Profesa. Mijusi ikakimbia.

"Yule ndiye profesa?" nikauliza.

"Yule ana kibali."

"Kibali kinatolewa na ofisi gani?"

Akaitazama meza yake, akaitazama feni, akasema, "Hii."

Na tulipotoka tuliliona gari lake mwenyewe. Limeegeshwa juu ya ule mteremko wa saruji uliojengwa kwa ajili ya wasioweza kupanda ngazi. Binti mmoja mwenye magongo alikuwa anazunguka kwenye majani, gongo moja linazama. Tulimwona sote watatu. Wewe ulikwenda ukamshikia mkoba. Baba yako mkubwa akalitazama lile gari akasema, "Lakini gari zuri."

Kwa hiyo uliponiambia tukiwa njiani kurudi, "Mama, kanuni ya kijinga si kanuni," sikukujibu, kwa kuwa nilikubaliana nawe. Hata sasa nakubaliana nawe. Kanuni ya kijinga ivunje. Kaegeshe mchana kweupe kwenye nafasi ya Profesa, wakufunge mnyororo kwenye tairi, wakuite ofisini, useme jina lako na la baba yako na la mama yako. Nitapanda basi nikuletee uji. Lakini uivunje kwa jina lako. Hapo kwenye jina ndipo mimi na wewe tulipoachana, na nitafika hapo.

Kwanza gari lenyewe. Jumapili iliyopita ukoo ulikaa hapa uani kukuaga. Walitoka Majita, wengine Musoma mjini, na wote walikula. Baba yako mkubwa alisimama, akavua kofia, akasema, "Ukoo huu haujawahi kutoa mtoto wa kike wa chuo kikuu. Hatakwenda kwa miguu kama anayekwenda kuteka maji." Akakupa ufunguo kwa mikono miwili. Ulilia. Mimi nilipiga vigelegele, tena vya juu kuliko wote, kwa sababu mke wa nyumba asiyepiga vigelegele siku kama ile husemwa mpaka kwenye matanga. Sikufurahi. Nataka ujue kwamba mama yako anaweza kupiga vigelegele vizuri sana bila kufurahi. Nimefanya hivyo mara nyingi katika ukoo huu.

Wali haujaisha kwenye sinia, shangazi yako Nyabise akasema, "Mwezi ujao tunapeleka posa Bunda. Nyafuru atatuchukua na gari lake." Mwingine akasema bibi ana kliniki. Mwingine akauliza kama viti vya nyuma vinalala, ana magunia ya mihogo. Ulikuwa hujaweka ufunguo mfukoni, tayari umekuwa dereva wa ukoo. Na baba yako mkubwa akicheka, akiitikia, "Gari lipo! Likitokea la kutokea, gari lipo!" Kadi ya gari imeandikwa jina lake na iko kwenye kabati lake. Kwetu kitu kinachotolewa mbele ya ukoo hakimtoki mtoaji. Kinabadilisha tu mahali pa kulala. Wewe umepewa kukilaza.

Ana fedha za mabondo, vile vibofu vya tumboni mwa sangara, simnyimi haki yake. Anajua kulitazama bondo la sangara juani na kusema bei kabla halijakauka. Lakini mtu aliyezoea kununua kilicho tumboni mwa samaki hufikia mahali akadhani kila kitu kina tumbo, na kila tumbo lina bei.

Baba yako namwacha. Hajawahi kuendesha gari maishani mwake, na tangu Jumapili ameliosha gari kila asubuhi ingawa halijatoka hapa uani. Jana nilimuuliza, "Unaosha nini?" Akasema, "Vumbi." Nikamwambia, "Vumbi lenyewe unalikoroga na ndoo yako." Akanijibu, "Mama Nyafuru, mwache mtu afurahi." Nimemwacha afurahi.

Sasa leo mchana. Ulikuwepo, lakini ulikuwa unacheka, na mtu anayecheka hasikii yote, kwa hiyo nayaandika. Alikuja na shati jeupe, bahasha ameishika kwa vidole viwili.

"Shemeji, njoo uone mambo ya watu wanaojuana!"

Alikuwa amempelekea yule ofisa sangara mzima kwenye barafu. Ofisa yuleyule wa kanuni ni kanuni. Nikaichukua stika nikaisoma, kwa kuwa mimi karatasi huzisoma. Imeandikwa: MWENZA WA MTUMISHI.

"Shemeji, mwenza wa mtumishi gani?"

"Wa yule bwana. Kila mtumishi ana stika mbili, yake na ya mkewe. Mkewe hana gari, stika ilikuwa inakaa bure."

"Kwa hiyo Nyafuru akipita getini ni mke wa ofisa."

"Maneno ya kwenye karatasi hayo, Mama Nyafuru. Nani anasoma stika?"

"Mlinzi. Ameajiriwa kwa hilo."

"Ee! Kidato cha nne tu, umeshakuwa hakimu."

"Na yeye anataka nini?"

"Hataki kitu. Sangara ameshamla. Amesema tu mtoto akifika ampitie ofisini amwelekeze. Na siku mojamoja akiwa na safari ya mjini, mtoto ampe lifti. Ni mtu wa watu yule."

Wewe ukiwa umeegemea mlango wa gari ukasema, "Mama, ni stika tu." Baba yako akaitazama ndoo yake. Baba yako mkubwa akailamba gundi kwa ulimi kana kwamba ni barua ya zamani, ingawa ile ni ya kubandua, akaibandika. Nilikwenda jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Nitakuandikia ninachokiogopa waziwazi, maana mchana nilikificha kwenye makelele. Mtu amekukatalia gari mbele ya macho yako kwa sababu eti utashindwa kusoma. Kisha akalikubali gari hilohilo kwa sababu utaandikwa mke wake. Masomo yako yameponaje hapo katikati? Hayakupona. Hayakuwahi kuugua. Alichokuwa anauliza siku ile mezani ni nani anayekuja na nini mkononi. Sasa ameshajua. Na kuanzia kesho, kila utakapopita getini, utapita kwa hisani yake. Hatakulazimisha kitu, watu wa namna hiyo si wajinga. Atakuomba lifti. Atakuomba tena. Na siku utakayomkatalia lifti ndiyo siku atakayogundua kwamba stika ile ni ya uongo. Kitanda kitakwenda kwa sababu ulivunja kanuni. Gari litafungwa mnyororo. Na mlinzi ataulizwa, atasema kweli kabisa kwamba uliingia kama mke wa ofisa. Hebu niambie utamwambia nani sivyo, na stika iko kwenye kioo.

Hilo ndilo lililo hatarini, mwanangu. Gari likipotea ni bati. Ninasema kitanda chako, na jina lako likiwa limelala juu yake.

Unanishangaa kwa nini nang'ang'ania kitanda. Ulisema vitanda vya hosteli ni vya kubanana, watu wanne chumba kimoja, ndoo chini ya kitanda. Sikukuambia kwamba niliwahi kuwa nacho.

Nilipomaliza kidato cha nne nilichaguliwa chuo cha uuguzi. Kwetu ilikuwa Mkuyuni na chuo kilikuwa ng'ambo ya pili ya mji. Walinipa kitanda bwenini, cha chuma, cha juu, karibu na dirisha. Nilikilalia wiki tatu. Wakati huo baba yako alikuwa anapita Mkuyuni kila asubuhi na pikapu ya kampuni ya pamba. Alikuwa anaketi kwenye usukani, kiwiko nje, kofia imekaa upande. Siku moja nilipokuja nyumbani akaniambia anaweza kunipitisha chuoni kila siku na jioni kunirudisha. Mimi nikaona, kwa nini nibanane na wasichana wanne na ndoo zao, wakati kuna kiti cha mbele kinanisubiri? Nikaenda kwa matroni nikarudisha kitanda.

"Una hakika, binti?" akaniuliza.

"Nina usafiri," nikamwambia. Nililisema kama mtu anayesema ana mashamba.

Msimu wa pamba ukaisha. Pikapu ikapelekwa upande wa Shinyanga, na ndipo nilipojua kwamba baba yako hakuwa dereva. Alikuwa utingo. Dereva alikuwa akinywa chai, naye anamruhusu akae kwenye usukani gari likiwa limesimama. Asubuhi dereva aliendesha, sisi wawili tukabanana pembeni, nami nilidhani yule mzee ni abiria wa kampuni aliyependa kuendesha. Usicheke. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nimepewa kiti cha mbele, nilikuwa naangalia nje. Baba yako hakunidanganya. Hakuwahi kusema ni dereva. Mimi ndiye sikuuliza, kwa kuwa nilipenda jibu nililokuwa nalo.

Nikaanza kutembea. Wauguzi wanaanza kazi alfajiri. Nilichelewa, nikachelewa, kitanda kilikuwa kimeshapata mtu, na kabla ya mwaka kwisha matroni aliniandikia barua fupi sana. Nimeolewa na baba yako hata hivyo, na kwa hilo sikukosea, ni mtu mwema na hajawahi kunipandishia sauti. Nilikosea pale nilipodhani anayepanda gari anafika mbali kuliko anayelala karibu. Nilikuwa na kitanda changu, chenye jina langu, nikakitoa kwa ajili ya kukaa kwenye gari la watu nikiwa nimevaa sura ya mwenye gari. Kuna ujinga wa asiyesoma na kuna ujinga wa aliyesoma kidogo akapata lifti. Huu wa pili ni mbaya zaidi, una madaha.

Aliyepewa kitanda changu ni Leokadia. Unamjua, mama mnene wa hospitali anayekuletea karanga kila akija. Yeye alimaliza. Ndiye aliyekuwa zamu nilipokwenda kukuzaa wewe. Mikono ya kwanza kukushika duniani ni ya mwanamke aliyelala kwenye kitanda nilichokirudisha. Alinifunika, akanikemea nisukume, kisha akasema, "Binti. Mzima." Sikumwonea wivu siku ile, nilikuwa na kazi nyingine. Wivu ulikuja baadaye, nao nimeutunza vizuri, sina haja ya kukudanganya. Yeye mwenyewe hajui. Anadhani huwa nakataa karanga zake kwa sababu ya meno.

Basi ninapokisema kitanda, sisemi mbao na godoro. Nasema mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kukuuliza umekuja na nani.

Najua ugumu wako uko wapi. Hutaki kumrudishia baba yako mkubwa gari alilokupa mbele ya watu wote wale. Atasema umemvua nguo. Shangazi yako atasema chuo kimekuharibu kabla hujafika. Kama unataka njia nyepesi, ipo: mwambie kanuni imekataza. Mwonyeshe karatasi. Hiyo ndiyo faida pekee ninayoiona kwenye kanuni ile, kwamba mtu anaweza kujificha nyuma yake kama nyuma ya kichuguu. Mimi ningefanya hivyo. Nimeishi katika ukoo huu miaka yote hii kwa kujificha nyuma ya vichuguu: mgongo unauma, zamu imebadilika, padri amesema. Sijawahi hata siku moja kumwambia shemeji yangu "sitaki" likiwa neno zima peke yake.

Niliacha kuandika kwa sababu uliingia. Sasa umetoka, nami nitaandika yalivyokuwa, kwa mazoea.

Ulisimama mlangoni na simu.

"Mama, wembe uko wapi?"

"Wa nini saa hizi?"

"Wewe nipe tu."

"Nyafuru."

Ukaja ukakaa kwenye ukingo wa kitanda changu. "Amepiga."

"Nani?"

"Yule ofisa. Baba mkubwa kampa namba yangu. Kasema, 'Mama watoto, kesho unaingia saa ngapi? Pitia kwangu kwanza kabla hujaenda hosteli.' Halafu anacheka, mama. Anacheka kama ameshalewa."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, 'Shikamoo, baba.'"

"Akasemaje?"

"Kaacha kucheka. Akasema marahaba, akakata."

Nilicheka mpaka kalamu ikaanguka, na wewe ukacheka, kisha ukaacha, ukafuta macho kwa kanga yangu. Hukusema kwamba nilikuwa nimesema kweli. Nashukuru. Nilikuwa nimejiandaa kuonekana mpole, na ningeshindwa. Nikakupa wembe kutoka kwenye kopo la sindano.

Nimekaa hapa nikisikiliza unavyokwangua kioo. Stika za watu wale zina gundi nzuri, hilo wameliweza. Baba yako ametoka na maji ya moto bila kuuliza kitu, nimemsikia akikuambia, "Pole pole, utakwaruza kioo," na wewe, "Baba, acha nikwaruze." Na wembe unaendelea.

Halafu umepiga simu. Dirisha liko wazi, nimesikia upande wako wote.

"Shikamoo, baba mkubwa… Salama… Nakwenda na basi… Hapana, gari ni zuri, nimelipenda mno… Litabaki kwa baba mpaka ulichukue… Nimeibandua… Hapana, baba mkubwa, si kwa sababu ya kanuni. Kanuni sijali. Mimi ndiye sitaki."

Kisha ikawa zamu yake, muda mrefu. Hukumkatiza. Mwishoni ulisema, "Nimesikia. Asante kwa kunifundisha kuendesha," ukamtakia usiku mwema.

Amenipigia mimi mara baada yako. "Shemeji, umemlisha nini mtoto?" Nikamwambia, "Ulikuwa unazungumza naye, si na mimi." Akasema ukoo utasikia. Nikamwambia usikie. Hayo ndiyo maneno makali kuliko yote niliyowahi kumwambia, na ujasiri wake nimeuiba kwako, bado ukiwa na joto.

Kwa hiyo barua hii haina kazi tena. Nimeandika kurasa zote hizi kumshawishi mtu ambaye ameshawishika kwa simu moja ya mpumbavu. Nilitaka kuichana, nikaona nitakuwa nimepoteza karatasi na jioni nzima. Nitaiweka kwenye begi lako juu ya mashuka. Isome kwenye basi, ukichoka kutazama nje. Sehemu ya Leokadia usimwambie mtu, hasa Leokadia.

Na ukifika chuoni, yule binti wa magongo, muulize jina. Kisha tazama kama gari la ofisa bado liko juu ya mteremko wake. Likiwa bado lipo, unaweza kuandika malalamiko, unaweza kwenda kwa mkuu wa chuo, unaweza kufanya utakavyoona. Mimi sitakuelekeza. Nina hakika tu kwamba utaandika jina lako chini.

Mama yako.

Jumapili, kabla hujaamka. Usingizi haukunipata mpaka saa nane kasoro robo. Wewe ulikuwa unakoroma.